Zogoyogo wawili wa Ukambani: jenasi moja, hatima mbili

Mkulima wa Matuu asikiapo kelele za ndege wanaochakura majani makavu chini ya kichaka, huenda akadhani zogoyogo wote ni wamoja. Jina linawafaa, kwani zogo haliwaishi, lakini Ukambani kuna spishi mbili ambazo hali zao ni mbali kama mbingu na ardhi.

Kwa nasaba ni ndugu wa karibu. Wote ni wa familia ya Leiothrichidae, ingawa vitabu vya zamani viliwatia katika Timaliidae, na wote ni wa jenasi ya Turdoides. Wa kwanza, Turdoides hypoleuca, alielezwa na Cabanis mwaka wa 1878. Mgongo wake ni wa kahawia na tumbo jeupe. Anaishi Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na hata katika bustani za Nairobi huonekana. Orodha nyekundu ya IUCN haimhesabu miongoni mwa walio hatarini.

Wa pili ni zogoyogo wa Hinde, Turdoides hindei, aliyeelezwa na Sharpe mwaka wa 1900. Macho yake ni mekundu, nayo madoa yake meupe hutofautiana mno baina ya ndege na ndege, hata wataalamu wengine waliwahi kushuku kwamba ni chotara tu. Hapatikani popote duniani ila Kenya, katika vipande vya nchi vilivyotawanyika Machakos, Kitui, Mwea, Mukurwe-ini, Kianyaga na Meru. IUCN imemweka katika ngazi ya kwanza kati ya tatu za viumbe walio hatarini kutoweka.

Tatizo lake ni makao. Huishi kwa vikundi vidogo katika vichaka vya mabondeni na kandokando ya mito, na sehemu kubwa ya vichaka hivyo imo katika mashamba ya watu, nje ya hifadhi. Palipofyekwa pote hadi ukingoni mwa maji, hutoweka.

Ajabu ni kwamba vichaka vya asili vilipokatwa, alijisitiri katika lantana, mmea vamizi uliotoka Amerika na unaochukiwa na wafugaji kwa kuwa ni sumu kwa ng'ombe. Kwa hiyo mkulima anayeing'oa kwa sababu njema kabisa aweza kumvunjia ndege huyu nyumba yake ya mwisho. Kuacha ukanda wa vichaka kando ya kijito, au kupanda miti ya kienyeji kabla ya kuing'oa lantana yote, humwachia mahali pa kutaga.