Deraya na Uzito Wake Vitani: Mizani Haitoshi

Deraya kamili ya mabamba ya chuma, ile iliyovaliwa na wapiganaji wa farasi wa Ulaya katika karne ya 15, ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo kina mama wa Ediofe, Arua, nchini Uganda, hubeba kutoka kisimani hadi nyumbani, huwa na uzito unaokaribiana na huo. Upanga wa mkono mmoja wa zama hizo ulikuwa kilo moja na ushei tu. Si kweli, basi, kwamba askari wa deraya akianguka hakuweza kuinuka. Deraya iliyotengenezwa kwa kipimo cha mvaaji ilimwezesha kukimbia na kupanda farasi.

Hata hivyo, mizani peke yake haimalizi hoja. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliwatembeza watu waliovaa deraya za namna hiyo wakaona kuwa nguvu walizotumia zilizidi maradufu. Sehemu ya chuma hufungwa miguuni, kwa hiyo kila hatua huinua uzito na kuusukuma mbele. Bamba la kifua nalo hubana mbavu, pumzi zikawa fupifupi. Kinyume chake, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 juu ya wanawake wa Kenya, Wajaluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda wa paji la uso, ulionyesha kuwa walimudu mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu za kutembea. Mahali mzigo unapokaa mwilini ni jambo zito kama mzigo wenyewe.

Jambo la pili ni joto na maji. Tarehe 4 Julai 1187, huko Hattin, Palestina, jeshi la Wanamsalaba lililovaa deraya za pete za chuma lilizibiwa njia ya maji na Sultani Salahuddin, likateketea kwa kiu kabla ya upanga. Miaka 4 baadaye, katika safari ya kwenda Arsuf, Bahauddin, mwandishi wa Salahuddin, aliona askari wa miguu wa Wanamsalaba wakiendelea kutembea huku mishale hadi kumi imewanasa migongoni. Mavazi yalikuwa ya aina ileile na nchi ileile. Lakini safari hii walipita kando ya bahari, merikebu zikiwaletea mahitaji.

Kwa kipimo hicho, Walugbara, Wakakwa na Wamadi wa Magharibi ya Nile, waliopigana kwa miguu kwa mikuki, pinde na mishale bila deraya ya chuma, hawastahili kuhesabiwa kuwa walikosa maarifa. Katika jua kali, wepesi ulikuwa kinga, na chuma cha deraya moja kingetosha majembe kumi na zaidi.

Bunduki ndiyo iliyofunga hesabu. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Karari karibu na Omdurman, Sudan, baadhi ya wapiganaji wa Khalifa, mtawala wa nchi hiyo, walivaa deraya za pete. Hazikuwafaa mbele ya bunduki za rashasha za Maxim za jeshi la Waingereza. Watu wapatao 10,000 wa upande wao waliuawa. Ubora wa silaha hupimwa kwa mwili unaoibeba, ardhi inayokanyagwa na silaha ya adui. Kilo hufuata baadaye.