'Revoke': Asili ya neno, maana zake na uzito wake katika kesi za mirathi

KATIKA eneo la Gatitu, viungani mwa mji wa Nyeri, na katika miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, kuna neno moja la Kiingereza ambalo hata mzee asiyejua lugha hiyo hulitambua punde familia inapofika mahakamani kuhusu shamba. Neno hilo ni 'revoke'. Wengine hulitamka 'kurivoki', nao mawakalimani wa mahakama hulifasiri kuwa kubatilisha, kufuta, kutangua au kufutilia mbali.

Ingawa maneno hayo ya Kiswahili hutumiwa kana kwamba yana maana moja, neno lenyewe la Kiingereza lina historia ndefu na mipaka yake. Kutoifahamu mipaka hiyo kumewafanya baadhi ya watu kudhani kuwa kibali kikishabatilishwa basi shamba limerudi, ilhali sivyo ilivyo kila mara.

ASILI YA NENO

'Revoke' limetokana na kitenzi cha Kilatini 'revocare', ambacho kimeundwa kwa sehemu mbili: 're', yaani nyuma au tena, na 'vocare', yaani kuita. Kwa hivyo maana yake ya asili ni kuita kitu kirudi. Neno hilo lilipitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia katika Kiingereza katika karne ya 14.

Ukoo wa 'vocare' ni mpana. Ndimo lilimotoka neno 'advocate', yaani wakili, ambaye kiasili ni mtu aliyeitwa aje kumsaidia mwenziwe. Ndimo pia yalimotoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya wito, ya msamiati na ya kuchokoza.

Maana hiyo ya kuita kitu kirudi ndiyo inayolitofautisha neno hili na jamaa zake. Anayeita ni yule aliyetuma. Vivyo hivyo, mwenye uwezo wa ku-'revoke' aghalabu ni yule aliyetoa: serikali iliyotoa leseni, mahakama iliyotoa kibali, au mtu aliyeandika wosia wake mwenyewe.

JAMAA ZAKE

'Repeal' hutumika kwa sheria, na huweza tu kufanywa na chombo chenye uwezo wa kutunga sheria. Bunge la Kenya lilifanya hivyo mnamo Desemba 1991 lilipofuta kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Neno hilo lina undugu na 'appeal', yaani kukata rufaa.

'Annul' limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutokuwa na chochote. Linalofanyiwa hivyo huhesabiwa kuwa batili tangu mwanzo, kana kwamba halikuwahi kuwapo. 'Rescind' lina mzizi wenye maana ya kukata, na hutumika sana kwa mikataba. 'Cancel' nalo limetokana na neno la Kilatini la kimia au fito zilizopishana, kwa sababu makarani wa kale walifuta maandishi kwa kuyapiga mistari ya kukingamana. Cheo cha chansela wa chuo kikuu kimetoka katika mzizi uo huo.

Kiswahili kimeyabeba mengi ya maneno haya kwa kitenzi kimoja, kubatilisha, kilichojengwa juu ya neno la Kiarabu 'batili'. Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake kuhusu uchaguzi wa urais mnamo Septemba 1, 2017, ilisemekana kuwa imeubatilisha. Nchini Tanzania, rais anapomwondoa afisa katika wadhifa husemekana kuwa ametengua uteuzi wake. Wasomaji wa Biblia nao hulijua neno kutangua kutoka Injili ya Mathayo, sura ya 5, panapozungumzwa kuhusu torati.

Aidha, Kiswahili kina njia yake cha kueleza kurudisha nyuma tendo lililokwisha kutendwa, nayo ni kauli ya kutendua: kufunga na kufungua, kutega na kutegua, kuanika na kuanua, kuezeka na kuezua. Kikuyu, lugha ya wenyeji wa Nyeri, kina utaratibu wa aina hiyo: 'hinga' ni kufunga na 'hingũra' ni kufungua, 'oha' ni kufunga kwa kamba na 'ohora' ni kufungua kamba hiyo. Kiingereza huweka alama ya kurudisha mwanzoni mwa neno. Lugha hizi za Kibantu huiweka mwishoni.

MAANA NYINGINE

Katika historia ya Ulaya, neno hili hutajwa sana kuhusiana na Amri ya Nantes. Amri hiyo ilitolewa mwaka wa 1598 kuwapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa ibada, kisha ikabatilishwa na Mfalme Louis XIV mwaka wa 1685. Maelfu walitoroka nchi yao, na baadhi wakafika hata Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Katika mchezo wa karata, 'revoke' ni kosa la mchezaji anayetupa karata ya aina nyingine ilhali anayo ya aina inayochezwa. Kwa mfano, kutupa shupaza huku akificha kopa mkononi.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 17, inaeleza ni lini mtu anaweza kupokonywa uraia alioupata kwa kusajiliwa. Wakazi wa Nyeri pia wanakumbuka mwaka wa 2003, wakati serikali ya Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, ilipoondoa marufuku iliyowekewa Mau Mau na serikali ya kikoloni mnamo 1950. Kwa zaidi ya miaka 50, miongo minne yake ikiwa baada ya uhuru, chama cha waliopigania ardhi kilikuwa bado haramu kisheria kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameifuta marufuku hiyo.

MIRATHI NA ARDHI

Hata hivyo, ni katika mirathi ambapo neno hili huwagusa wananchi wengi zaidi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inasema kuwa wosia unaweza kubatilishwa na mwenyewe kwa kuandika mwingine, au kwa kuuchoma au kuurarua akiwa na nia hiyo. Ndoa pia hubatilisha wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo.

Mtu akifariki bila wosia, jamaa huomba mahakama kibali cha kusimamia mali. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Gazeti hilo halisomwi na wengi vijijini, na hapo ndipo mzozo huanzia. Mwana mmoja anaweza kupata kibali bila kuwataja dada zake walioolewa, au watoto wa mama mwingine, nao wakagundua tu wapimaji wa ardhi wanapofika shambani.

Kifungu cha 76 cha sheria hiyo ndicho kimbilio lao. Mahakama inaweza kubatilisha kibali, hata kama kilikuwa kimeshathibitishwa, iwapo utaratibu uliofuatwa ulikuwa na kasoro kubwa, iwapo kilipatikana kwa ulaghai au kwa kuficha jambo muhimu, au iwapo kilitolewa kwa msingi wa maelezo yasiyo ya kweli. Kinaweza pia kubatilishwa msimamizi akikawia kuomba kithibitishwe kwa mwaka mmoja bila sababu, au kibali chenyewe kikiwa hakina kazi tena, mathalani msimamizi akifariki. 

Lakini kifungu cha 93 kinasema kuwa mali iliyouzwa na msimamizi kwa mnunuzi haipotezi uhalali wake kwa sababu tu kibali kimebatilishwa baadaye. Kwa maneno mengine, kibali kinaweza kuitwa kirudi, na shamba lisirudi. Ni kweli kuwa sheria hairuhusu msimamizi kuuza ardhi kabla kibali hakijathibitishwa, na Katiba, katika kifungu cha 40, haimlindi aliyepata mali kinyume cha sheria. Kuna mahakama zilizokataa kuyakinga mauzo ya ulaghai. Hata hivyo, anayechelewa huwa na mlima mrefu zaidi wa kupanda kuliko anayewasilisha pingamizi mapema.

Hali ilikuwa ngumu zaidi zamani. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 haikuruhusu mahakama kurekebisha usajili wa kwanza hata ukiwa ulipatikana kwa ulaghai. Katika eneo la kati, ambako mashamba yaliunganishwa na kupimwa upya wakati wa hali ya hatari huku wengi wakiwa kizuizini, kanuni hiyo ilifunga milango mingi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, iliyochukua mahali pake, haina kinga hiyo: hatimiliki inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi.

Jina la Gatitu lenyewe, kwa Kikuyu, lina maana ya kijisitu. Penye miti sasa pana mashamba madogo, na kila moja lina hati yake. Kwa mrithi aliyeachwa nje ya hati hiyo, swali la kwanza la kumuuliza wakili si tu iwapo kibali kinaweza kubatilishwa, bali pia iwapo shamba limeshauzwa, lini, na kwa nani.