Golikipa Aliyepigiwa Kura Akiwa Kaburini

Wadau, leo tuachane kidogo na soka. Twende kwenye hoki ya barafuni, ule mchezo wa watu wanaoteleza na viatu vya vyuma huku wakigombea kisahani cha raba kwa magongo. Huko nako golikipa ndo roho ya timu, na kuna mmoja ambaye mashabiki wa Philadelphia, Marekani, hawajamsahau mpaka leo.

Jina lake Pelle Lindbergh, mzaliwa wa Stockholm, Sweden, mwaka 1959. Kwenye Olimpiki ya 1980 alidakia Sweden wakapata shaba. Marekani waliobeba dhahabu mwaka ule walizifunga timu zote walizokutana nazo isipokuwa moja tu, Sweden, wakatoka sare 2-2.

Tangu utotoni alimhusudu Bernie Parent, golikipa wa Philadelphia Flyers. Mungu si Athumani, dogo akaja kuvaa jezi ya timu hiyo hiyo, na Parent mwenyewe akawa mwalimu wake. Msimu wa 1984-85 alishinda mechi 40, akaifikisha timu fainali ya Kombe la Stanley, na akachukua tuzo ya Vezina, ile ya golikipa bora wa ligi. Kabla yake hakuna golikipa kutoka Ulaya aliyewahi kuipata.

Miezi michache baadaye mambo yakaharibika. Alfajiri ya Novemba 10, 1985, baada ya kusherehekea na wenzake, aliendesha Porsche yake akiwa amelewa. Kipimo cha kilevi kwenye damu kilisoma asilimia 0.24, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria ya New Jersey enzi hizo. Akaparamia ukuta mbele ya shule ya msingi. Abiria wake wawili waliumia vibaya ila wakapona. Yeye hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26 tu.

Novemba 14 uwanja wa Spectrum ulijaa watu waliokuja kumuaga, kisha timu ikacheza usiku huo huo na Edmonton Oilers, wale wale waliowafunga fainali. Flyers wakashinda 5-3.

Sasa sikia hii. Mashabiki walipopiga kura za mechi ya mastaa ya 1986, Lindbergh akaongoza kwa makipa wa upande wake. Marehemu! Walijua fika hatatokea uwanjani, wakampigia hivyo hivyo. Na jezi namba 31? Flyers hawajawahi kuistaafisha rasmi, lakini tangu afariki hakuna mchezaji wao mwingine aliyeivaa.

Kwetu tunasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi naona ukimpenda mtu unamkumbuka mzima mzima. Ukitaja kura na jezi ukaruka pombe, umebaki na malaika, na malaika hamfundishi mtu kitu. Abiria wawili walikuwa kwenye lile gari, na alfajiri ile hata mtu yeyote aliyekuwa njiani alikuwa hatarini.

Kwa hiyo mkitaja zile mechi 40, tajeni na ile 0.24. Wikiendi hii kuna mtu atatoka baa na funguo mkononi, kijana, staa wa mtaa wake, anapendwa na watu. Mnyang'anyeni funguo angali hai, kura za marehemu hazimrudishi mtu.