Historia Fupi ya Umangi Mkuu wa Wachagga

Sisi tukaao Bomang'ombe, ambao kila asubuhi twaitazama Machame juu yetu, yatupasa kuikumbuka kwa heshima taasisi ya Umangi Mkuu iliyodumu miaka minane tu, kwani kabla yake kila mtaa wa Uchagga ulikuwa na mangi, yaani mtawala, wake, na baina ya Machame na Kibosho damu ilimwagika mara nyingi; nao Wadachi, waliomnyonga Mangi Meli wa Old Moshi mwaka 1900, hawakuuondoa utengano ule bali waliutumia.

Kilichowakusanya watu, kwa itikadi yangu, ni kahawa. Chama cha wakulima kilichoasisiwa mwaka 1925, rais wake akiwa Joseph Merinyo, kilizaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Na mkulima aliyeteremsha gunia lake mbele ya karani, akaona uzani ukisomwa na kuandikwa daftarini, akarudi kihambani na stakabadhi mkononi, alikwisha jifunza kumdai hesabu kila mwenye kushika amana yake. Hata KNCU yenyewe haikusalimika na ghadhabu ya wakulima mwaka 1937.

Basi Waingereza walipoweka mamangi watatu wa tarafa za Hai, Vunjo na Rombo mwaka 1946, raia walinung'unika. Na mwaka 1949 Petro Njau na wenziwe wa chama cha raia wa Kichagga, KCCU, wakashika kauli moja, kwamba Wachagga wapate mtawala mmoja, naye achaguliwe. Thomas Marealle, kijana msomi wa ukoo wa Marangu, akawashinda mamangi wote watatu, Abdiel Shangali wetu wa Hai akiwa miongoni mwao, akatawazwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Zama zake zilikuwa na fahari: bendera, gazeti la Komkya, na mwaka 1957 hotuba mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York.

Lakini likazuka suala zito: je, cheo hiki ni cha maisha? Wafini nao, baada ya kujitenga na Urusi mwaka 1917, walimchagua mwana wa kifalme wa Kijerumani, kisha kabla hajatawazwa wakageuza nia, na mwaka 1919 wakajiwekea rais. Wachagga walifuata njia ya namna hiyo pasipo kufundishwa na mtu: Februari 1960, wakihimizwa na Solomon Eliufoo wa Machame na wafuasi wake, walipiga kura wakataka rais wa kuchaguliwa, na Eliufoo akakishika cheo hicho. Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu nchi nzima mwaka 1963, Umangi Mkuu ulikuwa umekwisha kuondolewa na wenyewe walioudai.