Jina la Tatu, Ambalo Mama Halitamki

Fomu ya shule hutaka majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Hilo la mwisho ndilo tunaloliita jina la ukoo. Lakini ukilifuatilia kwenye wilaya za Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, kamba inakatika mapema, kwa kuwa babu hakupewa jina la ukoo. Alipewa jina lake mwenyewe, mara nyingi kutokana na yaliyokuwa yakitokea alipozaliwa.

Tluway, kwa Kiiraqw, lugha ya Wairaqw wa huko, ni mvua. Wengine huliandika Tluwai, kila karani na sikio lake. Wenye jina hilo wawili wakikutana sokoni, huenda hawana undugu wowote; kilichowaunganisha ni mawingu ya miaka tofauti. Ukoo wenyewe, tlahhay, una jina jingine ambalo halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Tena zipo koo za Wairaqw zinazosimulia kwamba mzee wao wa kwanza alikuwa Mdatoga, wa kabila jirani.

Kwa Wadatoga, jina huanza kujieleza tangu silabi za mwanzo: Gida- kwa wanaume, Uda- kwa wanawake. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, Hanang, alishinda dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Dunia ilimjua kwa Shahanga. Jirani wa Hanang alishamtambua kuwa Mdatoga kwenye Gida.

Nami naona hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Mke wa Kidatoga halitamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayokaribiana nalo kwa sauti. Likifanana na neno la maji, atayaita maji kwa neno lingine, na wanawake wana hazina ya maneno hayo mbadala waliyorithishana. Sasa fikiria mama amempeleka mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu anauliza jina la tatu. Ni la mkwe. Mama anainamisha macho, anamgusa mtoto begani, mtoto analitaja.

Kwa hiyo anayetafuta chimbuko la jina lake kule Katesh au Basotu asimsumbue mama. Amwendee shangazi. Yeye hapo kwao ni binti, si mkamwana. Atalitaja jina la baba yake kwa sauti, na kusimulia siku aliyozaliwa mzee ilikuwaje.