Kanisa la Rabai na Watoro Wake

Vitabu vya historia ya Afrika ya Mashariki huitaja Rabai kwa sababu ya milima. Ndiko alikotoka Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na Krapf alipouona mlima Kenya mwishoni mwa 1849. Nasi wanafunzi wa lugha twaitaja kwa sababu ya kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882. Lakini Rabai ni kijiji chenye kanisa, na historia ya kanisa ni ya watu waliosali humo. Hao hutajwa kwa haraka mno.

Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Rebmann alimfuata mwaka 1846, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya mji, kwa idhini ya wazee. Mtu wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kilema, naye alibatizwa akiwa kufani. Basi baada ya miaka mitano ya mahubiri, kanisa zima lilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo akafa. Krapf akaondoka mwaka 1853. Yapata miaka kumi ilipita kabla Abe Gunja na mwanawe Nyondo hawajabatizwa, na Rebmann, aliyekaa hadi 1875, alirudi kwao akiwa kipofu. Aliyemshika mkono hadi Ulaya ni Nyondo, ambaye sasa aliitwa Isaac.

Sababu ya uchache huo, nionavyo, si ugumu wa mioyo kama wamisionari walivyodhani. Mrabai alikuwa na mbari yake, wazee wake na kaya yake. Aliyebatizwa alionekana kujitenga na hao wote. Asiyekuwa na mbari hakuwa na hasara hiyo.

Watu wa namna hiyo walikuja baada ya 1873, Sultani Barghash alipofunga masoko ya watumwa. Waliookolewa baharini waliwekwa Frere Town, karibu na Mombasa, na wengine Rabai. Wakaja pia Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, ambao wenyewe walikuwa wamekombolewa utotoni. Mmoja wao, William Henry Jones, akawa mchungaji wa kijiji kwa vitendo kabla hajawa kwa cheo. Alifanywa shemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia, mbele yao bendera iliyoandikwa Ikabodi.

Lakini waliolijaza kanisa hasa walikuwa watoro. Walikimbia mashamba ya pwani usiku, wakapanda vilimani, wakalima, wakajenga, wakasali. Wakuu wa misheni walikuwa wamekwisha kukataza wasipokewe, kwa kuogopa hasira ya mabwana. Hata hivyo idadi yao ilizidi mwaka hata mwaka. Mwaka 1888 mabwana walitishia vita. Mackenzie, wakili wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kazi Mombasa, hakutaka kuanza na damu, akakubali mabwana walipwe reale 25 kwa kila mtoro. Katika vituo vya misheni walihesabiwa zaidi ya 1,400, wengi wao wakiwa Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 walipewa hati za uhuru.

Yafaa kuangalia fedha ile ilikwenda kwa nani. Alilipwa bwana, si mtumwa, kana kwamba mtu aliyejikomboa kwa miguu yake mwenyewe alikuwa bado na bei. Na kwa waliobaki mashambani, sheria ya pwani iliendelea kuutambua utumwa hadi 1907.

Jumba la makumbusho lililoko Rabai lina jina la Krapf. Jones alipewa ukasisi mwaka 1895, miaka kumi baada ya kuwa shemasi.