Lim Ko Niao na msikiti usiokamilika wa Pattani

Katika mji wa Pattani, kusini mwa Thailand, limo hekalu la Wachina liitwalo Leng Chu Kiang. Humo huabudiwa Lim Ko Niao, binti anayesimuliwa kuwa alivuka bahari kutoka China, yapata karne 4 zilizopita, kumtafuta kaka yake.

Wakati huo Pattani ilikuwa dola ya Wamalay yenye bandari mashuhuri. Masimulizi yanaeleza kwamba kaka huyo, Lim To Khiam, alikuwa amehamia huko, akasilimu, akaoa na kukabidhiwa ujenzi wa msikiti wa Krue Se. Binti alimsihi arejee kwa mama yao mzee, naye akakataa. Kwa uchungu aliulaani msikiti usikamilike kamwe, kisha akajinyonga kwenye mkorosho. Waumini wake husema sanamu iliyomo hekaluni ilichongwa kwa mti huohuo.

Msikiti huo wa matofali, ulio nje kidogo ya mji, hauna kuba hadi leo, na kando yake lipo kaburi linalotajwa kuwa la Lim Ko Niao. Wanaoiamini laana huona hapo ushahidi. Waislamu wengi wa Kimalay, kwa upande wao, huona ngano hiyo ni dharau kwa nyumba ya ibada. Wanahistoria hutafuta sababu kwingine, zikiwemo vita na ugomvi wa kuwania kiti cha enzi.

Uchungu wa mahali hapo umezidi. Siam iliiteka Pattani mwaka 1786 na kuchukua mzinga wake mkubwa hadi Bangkok. Tarehe 28 Aprili 2004, baada ya vituo vya usalama kushambuliwa, wanajeshi waliuvamia msikiti wa Krue Se na kuwaua wapiganaji 32 waliokuwa wamejificha ndani.

Hata hivyo, kila mwaka katika mwezi wa 3 wa kalenda ya mwandamo, Wachina wa Pattani huibeba sanamu ya Lim Ko Niao, huivusha mtoni na kukanyaga makaa ya moto kwa miguu mitupu.

Laana ikiwekwa kando, ngano hii yahifadhi kumbukumbu nyingine: kwamba baadhi ya Wachina waliofika Pattani waliingia katika Uislamu na kuwa wenyeji, na wengine wakashika mila za wazee wao. Hekalu na msikiti vyasimulia habari za ukoo mmoja.